Zile Herufi Nene za Zahanati Zisifutwe

Kashaulili, Mpanda
Juni 1996

Ndugu Mwenyekiti wa Kamati ya Zahanati,

Shikamoo. Mimi ni Mama Prisila, yule muuza mchele, mzaliwa wa Mamba. Huku hatujambo, mbu tu. Nimesikia Jumamosi mnapaka chokaa juu ya maandishi ya mwanangu Prisila pale ukutani kwa zahanati, ili Osward, yule mwandika mabango, aandike upya kwa zile herufi zake nyembamba. Hii ndiyo kazi ya kwanza mtoto kupewa, na tangu juzi hali chakula. Kwa heshima zote nalalamika:

1. Ulisema mbele ya watu kwamba herufi za Prisila zimevimba, ziingizwe ndani zikamwone daktari. Mwenyekiti, hazijavimba, zimeshiba! Aliziiga kutoka kwenye fulana ya mtumba, akaniambia, "Mama, tazama, zinacheka." Na kweli zinacheka. Z yake imelala kama paka aliyekula. Mpanda nzima hakuna mwingine wa kuandika hivyo, na sisemi kwa kuwa nimemzaa.

2. Herufi za Osward zinahesabika mbavu. Mgonjwa katoka Kapalamsenga amekonda, anapokelewa na maandishi yaliyokonda kuliko yeye. Moyo ataupata wapi?

3. Nyie wenyewe mkija kununua mchele mnataka lumbesa, gunia lifure kichwani mpaka kamba zilie. Likijaa sawasawa tu mnanuna. Sasa kwenye maandishi ndiyo mnataka kupunjwa?

4. Eti neno ZAHANATI halikuenea ukutani, TI ikaangukia mlangoni, na mlango ukifunguliwa haionekani. Basi mlango ufungwe. Wagonjwa wapite dirishani. Atakayeweza kuparamia dirisha tutajua haumwi, arudi akalime, na dawa zitabaki. Kamati yenu imekaa miaka yote haijavumbua hilo. Kalivumbua Prisila kwa brashi.

Kwa hiyo naomba maandishi yabaki, tena barua za kuitwa barazani ziandikwe hivyo hivyo. Mtu akiitwa kwa herufi zinazocheka atakuja mwenyewe bila mgambo. Hata misalaba ya makaburini. Marehemu aliyetutoka amekonda, walau jina lake lipumzike likiwa na nyama.

Wasalimie mama watoto, wajumbe wote, na nesi. Osward naye msalimie, si kosa lake kuzaliwa na mkono mwembamba.

Ni mimi, mwenye uchungu wa mwana,
Helena, Mama Prisila

N.B. Magunia yangu mawili ya mchele yanapanda treni Ijumaa kwenda Tabora. Prisila kaniandikia jina. HELE imejaza gunia la kwanza, NA iko kwenye la pili, na karani wa stesheni anasema hawezi kuahidi kwamba yatapanda behewa moja. Tafadhali nitumie Osward na ile brashi yake nyembamba. Apitie mlango wa uani, Prisila akiwa kwaya.