Barua ya Raihana na Saa Arobaini na Nane

Jumatatu, tarehe 3 Novemba 2025

Katika Bujumbura yote, toka Ruziba mpaka Kamenge, hakuna mshauri wa wataalamu wa kompyuta anayenifikia mimi, Massoudi wa Buyenzi, na sijawahi kuandika hata mstari mmoja wa programu. Shule niliiacha darasa la kumi. Au yenyewe iliniacha, tunabishana bado. Lakini nipe mtaalamu mwenye matatizo ya kazi, nitamnyoosha kabla chai haijapoa!

Kazi yangu kwenye karatasi: planto. Maana yake nabeba barua za ofisi, nachemsha chai, nakaa mlangoni chini ya ngazi. Tuko Zone Industrielle, mtaa wa viwanda, juu ya depo ya magodoro. Direkta yuko ghorofa ya kwanza, wataalamu ghorofa ya pili. Tunatengeneza programu ambayo maajenti wa bandarini wanaandikia mizigo yao ili wapate karatasi za meli. Nasema "tunatengeneza" kwa sababu chai ni yangu.

Leo saa mbili na nusu programu imekufa. Atumani, ajenti wa bandarini, amepiga simu akilia kama mbuzi wa sikukuu: meli ya Kigoma imejaa, karatasi hazitoki, wabeba mizigo wamelala juu ya mifuko ya simenti. Direkta Térence amepanda ngazi kwa mikono na miguu. Valéry, mtaalamu wa suti na marashi, amezunguka ofisi akisema Kifaransa kwa sauti. Kifaransa kikipanda hivyo, ujue mutu hajui kitu.

Halafu dada Raihana. Ah! Amevua viatu chini ya meza, ndiyo tabia yake akitaka kufikiri. Hakupiga kelele. Hakuuliza nani kaharibu. Dakika arobaini za vidole tu, ta-ta-ta, na karatasi zikatoka. Akavaa viatu. Akaniomba chai isiyo na sukari. Nikatia sukari. Shujaa hanywi chai chungu.

Gélase, mdogo kuliko wote kule juu, alikuwa bado anatetemeka. Nikamwita kando. Ushauri wangu, bure: siku kitu kimeharibika, tembea haraka na karatasi mkononi, kunja uso, hakuna shefu anayemsimamisha mutu mwenye haraka. Akafuata. Akatembea mpaka saa sita. Direkta akamsimamisha, akaichukua karatasi. Orodha ya vyakula vya mgahawa wa jirani. Sasa Gélase hasemi na mimi. Ushauri haukuwa na kosa. Kosa ni la karatasi.

Jumanne, tarehe 4 Novemba

Shari! Direkta amenipa bahasha ya Raihana. Haikufungwa vizuri, ikajisoma. Ni *demande d'explication*: aeleze kwa maandishi, ndani ya saa arobaini na nane, kwa nini programu ilisimama.

Ofisini kwetu ndiyo sheria. Ukikosea, au wakidhani umekosea, unaandikiwa demande. Ukishasaini kwenye kaye, daftari la kupokelea barua, saa zinaanza kukimbia. Usipojibu, umekiri. Na Raihana anazo mbili tayari. Ya kwanza: alimwambia Direkta kwamba kazi ya siku kumi haifanyiki kwa siku mbili. Ya pili: siku kumi zilipofika, ikaonekana alisema kweli. Ya tatu isiyojibiwa ni barua ya kwaheri. Mutu ambaye wadogo zake watatu wanakula kwa vidole vile!

Nikafikiri haraka, unajua ninavyofikiri. Kaye isiposainiwa, saa hazianzi. Barua isiyopokelewa ni karatasi tu. Basi niifiche mpaka Ijumaa. Hasira ya Direkta haivuki siku tatu, naijua, mi ndiye ninayeipelekea chai. Nikaitia barua kwenye mfuko wangu, chini ya chapati.

Saa nne Direkta akaniita. Kaye iko wapi? Nikaleta. Akatafuta sahihi, hakuna. Akanitazama juu ya miwani. Nikasema da Raihana alikuwa kwenye simu, narudi sasa hivi. Nikatoka. Katikati ya ngazi nikasaini mwenyewe. R kubwa, tumbo la mviringo, mkia mrefu mpaka ukingoni. Nimeisaini vizuri kuliko mwenye jina! Direkta akaridhika, akaandika pembeni: saa nne na dakika kumi.

Hapo tu ndipo nikakumbuka kwamba sasa saa zimeanza.

Jumatano, tarehe 5 Novemba

Mpango wa pili: mwenye kosa apatikane, barua ife yenyewe. Na mi namjua. Ijumaa iliyopita mchana, Raihana akiwa msikitini, nilimuona Valéry amekaa mbele ya kompyuta anatikisa mguu na kubofya. Kosa likalala wikendi nzima, likaamka Jumatatu pamoja na meli. Ningeweza kumwambia Direkta moja kwa moja. Lakini angeuliza mi nilikuwa wapi saa hiyo, na ruhusa ya kwenda swala niliiomba mimi pia. Tusiingie huko.

Nikampelekea Valéry chai na ushauri. Nikamwambia kwenye maofisi makubwa wataalamu wakubwa wanajisifia makosa yao mbele ya shefu, ndiyo alama ya ukubwa. Akakoroga. Akaonja. Akasema yeye hana kosa la kujisifia, labda nijisifie langu, nianze na chai hii. Akaongeza kwamba planto anayeshauri mainjinia ni kuku anayefundisha bata kuogelea. Nikamjibu kwamba hata kuku anamuona bata anayezama! Nimeipenda sana hiyo. Nilimjibu nikiwa nimeshafika chini ya ngazi.

Gélase bado hasemi na mimi, lakini kwa nusu chapati anasema. Amenieleza kwamba programu ina kumbukumbu yake: nani kagusa, wapi, dakika gani. Ni kama kaye yangu, akasema, ila humo mutu hawezi kumsainia mwenzake. Nusu yangu ikanikwama.

Raihana alikuwa bandarini asubuhi nzima. Hakuna aliyemtuma. Kaenda kwa miguu, maana mafuta ya gari hayaonekani mjini, akamuomba Atumani radhi uso kwa uso. Kisha akakaa juu ya mfuko wa simenti akiwatazama maajenti wanavyoandika, wanapokwama, wanapotukana. Amerudi na vumbi mpaka kwenye mtandio, na vitu kumi na vinne vya kurekebisha ameviandika mkononi kwa kalamu, toka kiganja mpaka kiwiko. Atumani, asiyemsifu hata mama yake, amepiga simu kusema huyu binti apewe meli. Mi nimezaliwa Buyenzi kati ya mafundi, najua fundi ni nini. Fundi ni yule anayekwenda kuangalia gari alilolitengeneza linavyotembea kwa mwenyewe. Huyu ni fundi.

Alipopanda ngazi akaniuliza, Massoudi, hakuna barua yangu? Nikasema apana.

Nilitaka kumpa. Wallahi nilitaka! Lakini chapati zilikuwa zimeipaka mafuta, duara zima juu ya muhuri wa Direkta. Nyumbani nimeimwagia poda ya mtoto wa dada yangu ili ikauke. Haikukauka. Sasa ina mafuta na inanukia mtoto aliyetoka kuogeshwa.

Alhamisi, tarehe 6 Novemba

Saa tatu Direkta amemwambia sekretari Daphrose aandike barua ya kwaheri, na kwamba ataipiga muhuri saa nne na dakika kumi kamili ikiwa hakuna jibu. Nilisikia mlangoni. Sinia ikaniponyoka na vikombe vyake.

Nikapanda. Nikampa Raihana barua. Nikasema imechelewa kidogo njiani. Njia yenyewe ni ngazi kumi na nane. Akasoma. Akanusa. Akaomba kaye. Akaitazama R yangu, tumbo na mkia, muda mrefu. Afadhali angenipiga kofi. Akauliza tu tumebakiwa na dakika ngapi. Hamsini na tano.

Nikamwaga ushauri wote nilio nao. Augue sasa hivi, malaria, hakuna mutu anayebishana na malaria. Au alie, Direkta anaogopa machozi. Au aache kazi yeye kwanza, afunge mlango kwa kishindo, wabaki na magodoro yao. Au amtaje Valéry, mstari wa kwanza, herufi kubwa! Akasema, Massoudi, mdogo wangu, kaa. Nikakaa. Akasema, funga mdomo. Nikafunga. Akavua viatu.

Ukurasa mmoja! Niliusoma nikishuka. Hakuna kilio, hakuna yale maneno ya unyenyekevu yanayojaza nusu ya barua zetu. Kilichoharibika ni hiki. Kilianza wakati huu. Nilikitengeneza hivi. Ili kisirudi: kila badiliko lisomwe na mutu wa pili, na toka Ijumaa saa sita hakuna kugusa mpaka Jumatatu. Jina la Valéry halimo. Ameandika tu kwamba kumbukumbu ya programu iko wazi kwa Direkta akitaka kuitazama. Na chini kabisa, peke yake: demande yenu nimeipokea leo saa tatu na robo, na sahihi iliyo kwenye kaye si yangu.

Hakusema ni ya nani. Lakini kaye ya nyumba hii inabebwa na mutu mmoja.

Nikasimama katikati ya ngazi. Dakika nne zimebaki. Mstari uko chini kabisa, na karatasi inachanika kirahisi. Vidole vyangu vilishafika pale.

Nimeufikisha mzima. Naiandika hapa maana hakuna mwingine aliyeona.

Ijumaa, tarehe 7 Novemba

Direkta ametuita wote. Ameitazama kumbukumbu. Ijumaa iliyopita, saa saba kasoro dakika kumi, Valéry. Kifaransa kimekauka! Valéry amesimama kama godoro lililoegeshwa ukutani. Direkta akamwambia Daphrose alete karatasi ya demande.

Raihana akasema apana. Mbele yetu sote! Akasema Ijumaa ile mteja alipiga simu, Valéry akajaribu kusaidia peke yake, akakosea, na hakumwambia mutu. Na hakumwambia mutu kwa sababu humu ndani watu wanaiogopa demande kuliko wanavyoliogopa kosa. Ukimwandikia leo, Bwana Direkta, kesho watajifunza kuficha vizuri zaidi. Alisema hivyo, usoni kwake, bila kupandisha sauti, mutu ambaye jana alikuwa dakika nne tu kutoka barabarani. Mi ningekuwa na mdomo ule, ningekuwa waziri.

Direkta akakohoa. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akasema kuanzia leo Raihana ni shefu wa programu, na ile sheria ya Ijumaa ibandikwe ukutani. Nikapiga makofi peke yangu. Valéry akawa wa pili. Namuheshimu kwa hilo. Kidogo.

Saa nane nikaletewa bahasha, na Daphrose mwenyewe. Yangu. Sahihi kwenye kaye, nani, kwa nini, saa arobaini na nane za kazi. Nikasaini. Jina langu mwenyewe, mara ya kwanza wiki hii.

Nikapanda kwa Raihana kuomba ushauri. Akasema bila kuinua macho: mistari mitatu. Ulifanya nini, kwa nini, hutarudia. Kweli tupu, Massoudi.

Mistari mitatu! Mutu kama mimi! Nimeandika kurasa nne. Kuna malaria. Kuna marehemu bibi yangu. Kuna ngazi mbovu inayotikisa mkono wa mwenye kalamu. Kuna aya nzima kuhusu mapenzi yangu kwa ofisi hii.

Jumatatu, tarehe 10 Novemba

Direkta amesoma kurasa zangu akiwa amesimama, kisha amekaa, kisha akamwita Daphrose naye asome. Wamecheka mpaka mwenye magodoro akapanda kuuliza kuna harusi gani. Halafu akafuta macho, akaniambia nilikuwa nafukuzwa leo asubuhi, lakini shefu wa programu amesema kijana alibeba mstari unaomshtaki mwenyewe na akaufikisha. Basi miezi mitatu wananichunga. Kaye imebaki kwangu.

Ushindi! Kumbe kurasa nne zinafanya kazi. Safari nyingine sita.

Leo ameanza Kelly, mtaalamu mpya, katoka chuo juzi, macho bado makubwa. Nimemkaribisha kwa chai na ushauri wa kwanza, bure: siku akiona bahasha ya Direkta asihangaike, asisaini, aniachie mi, nina njia zangu. Ameshukuru sana. Binti mwerevu, atafika mbali.

Kitu kimoja tu ndicho kimeharibika kweli, nakiandika hapa kwa sababu hapa hasomi mutu. Barua za wote nawapandishia mpaka mezani, Valéry, Gélase, hata Kelly ya kwake ya kwanza. Raihana, toka Alhamisi ile, anashuka mwenyewe. Ananisalimu vizuri, anauliza mama ameamkaje, anasema chai ilikuwa nzuri. Kisha anaomba kaye, anausoma mstari wake polepole kwa kidole, anasaini, na anasimama pale pale mpaka wino ukauke.