Mgongo Wangu Si Mali ya Kompyuta

Ndugu Mhariri,

Katika toleo lako lililopita, daktari mkuu wa hospitali yetu ameandika: "Kumbukumbu za kompyuta hazipotei, na anayefaidika ni mgonjwa." Nusu ya kwanza ni kweli. Nusu ya pili imeandikwa na mtu asiyeishi nyumbani kwangu.

Mimi ni mgonjwa wa mgongo, mkongwe na mwenye sifa njema. Enzi za faili la karatasi nilikuwa nikirudi kutoka hospitali natangaza mwenyewe aliyoyasema daktari: nisiinue ndoo, nisiiname kufagia, nisikae kwenye viti vigumu, hasa vya harusi za ukweni. Mke wangu alinipa pole na kuniongezea mto. Faili lenyewe lilikuwa limepotea, kama kawaida yake. Nyumba ilikuwa na amani.

Mwezi uliopita ikaja kompyuta. Karani aliponiuliza namba ya simu nilimpa ya mke wangu, kwani mtu mwenye mgongo kama wangu hasumbuliwi na simu. Hakuna aliyeniambia kuwa ukishaonana na daktari tu, majibu yanatumwa kwa mwenye namba. Nikafika nyumbani nimeshika kiuno. Mke wangu akanisomea palepale mlangoni: "Mgongo hauna tatizo. Kazi za nyumbani zitamsaidia." Kisha akasema, "Pole sana, baba watoto. Ndoo ile pale."

Malalamiko yangu ni haya:

1. Nimeponywa bila ridhaa yangu. Mgonjwa huombwa ruhusa kabla ya kupasuliwa. Kwa nini asiombwe kabla ya kutangazwa mzima?

2. Mwandiko wa daktari ulikuwa stara ya mgonjwa. Ile michoro ya kuku aliyeparua ilisomeka kadiri ya mahitaji ya familia. Sasa hata kitinda mimba wangu, aliyejua kusoma juzi, ananipita akiimba "hauna tatizo, hauna tatizo".

3. Nimefagia uwanja.

4. Mama mkwe amepiga simu: "Mkwe wangu, Mungu mkubwa, umepona! Basi Jumamosi uje tuhamishe kabati." Kabati hilo lina milango mitatu na kioo. Nikivunjika kweli, nani ataniamini, ikiwa kompyuta imeshasema mimi ni mzima?

Watasema siri zetu zinalindwa. Zinalindwa vipi, na ukoo mzima wa mke wangu unaujua uti wangu pingili kwa pingili? Ugonjwa wa mtu ni wake. Si mke, si jirani, si ndugu yeyote mwenye haki ya kuchungulia kumbukumbu za mwenzake, hata awe na sababu nzuri namna gani. Juu ya hilo sirudi nyuma hata hatua moja.

Kwa hiyo ninyi wenzangu wa migongo, viuno na magoti yanayozidi kuuma siku za usafi, nawataka Jumatatu asubuhi langoni mwa hospitali tudai karatasi zetu. Njooni na viti vyenye mito. Tutaandamana tumekaa.

Nisalimie wote hapo ofisini, na daktari mkuu pia. Sina kinyongo naye.

Wako katika maumivu yasiyotambuliwa,
Mgonjwa Halali

N.B. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, amelala kwenye kochi langu tangu mvua za kwanza, akidai ana kizunguzungu na kwamba daktari amemkataza kutafuta kazi. Ninyi mafundi wa kompyuta wa hospitali, nitumieni kumbukumbu zake zote leo hii, kwa herufi kubwa. Nitamsomea mwenyewe.