Kapteni, Béatrice na Karanga za Mama Suzanne

Jumatatu, 6 Oktoba
Redio ya mtaa inatafuta mtu wa kuzungumzia vitabu kila Jumamosi. Majaribio ni wiki hii hii, ukumbini, na yatarushwa hewani. Kipaza sauti hicho ni changu! Nimekitamani tangu nikiwa karani kijana wa mizigo hapa stesheni. Kikwazo ni kimoja: mwalimu Naomie, aliyesoma kila kitabu kilichopita Kamina. Nitamshinda kwa kitabu ambacho hakuna anayekijua. Kipo sokoni. Mama Suzanne anakichana kufungia karanga. Hakina jalada, hakina jina. Nilitaka kununua chote, akaniuliza karanga atazifungia nini. Basi nitakisoma kwa kula.

Jumanne, 7 Oktoba
Kurasa 31 hadi 46. Riwaya gani hii! Kapteni anampenda Béatrice, binti wa mkuu wa stesheni. Ukurasa wa 38 umelowa mafuta, lakini mapenzi yanasomeka. Saa nne nikamwona Naomie akielekea kwenye karanga. Nikakimbia, nikanunua zote. Mke wangu Sylvie amesema akiona karanga tena kwenye sombe, mboga yake ya majani ya muhogo, atarudi kwao Kabongo.

Jumatano, 8 Oktoba
Ukurasa wa 58. Kapteni kapanda gari la moshi na kuondoka. Béatrice ana mimba. Nimelia kazini. Mkubwa wangu akauliza kama nimefiwa. Nikamjibu kwamba ni karibu hivyo.

Alhamisi, 9 Oktoba
Ukurasa wa 59. Mwandishi kabadilika kabisa! Hamtaji tena Béatrice kwa jina, anamwita "mama" tu. Heshima iliyoje! Mama alale mahali pakavu, apewe pumba na majani mabichi, asisumbuliwe na madume. Neno kali, ila kapteni amelistahili. Nimemsomea Sylvie aone wanawake wanavyotunzwa vitabuni. Akaniuliza kama na yeye ale pumba.

Ijumaa, 10 Oktoba
Nimepata ukurasa wa 61. Sijausoma. Nitausoma kwa mara ya kwanza kesho hewani, ili sauti itetemeke yenyewe. Akili hiyo Naomie hana.

Jumamosi, 11 Oktoba
Naomie alizungumzia vitabu vitatu, kila kimoja na jina lake. Mambo ya kawaida. Nikapanda mimi. Niliposimulia kisa cha kapteni, mama mmoja akafuta machozi. Nikafungua ukurasa wa 61. "Mama atazaa kumi hadi kumi na wawili. Kila mtoto akatwe meno siku ya kwanza." Nilishtuka kidogo. Nikaendelea, kwa sababu msomaji wa kweli hamkatizi mwandishi. Nilipofika kwenye kukata mikia, Mama Suzanne akasimama.
"Papa Ngandu, kitabu ya Béatrice ilikwishaka mercredi, ile Jumatano. Hii njo kitabu ingine, ya kufuga nguruwe."
Watu walicheka mpaka viti vikaanguka. Kipaza sauti kapewa Naomie. Nimeumia, sitaficha.

Jumatatu, 13 Oktoba
Mkurugenzi wa redio, Bwana Mwepu, kanifuata stesheni. Wafugaji wa njia ya Kaniama wanapiga simu tangu juzi, wanataka kujua kinachofuata baada ya mikia. Kwa hiyo nina kipindi changu, kila Jumanne alfajiri! Kinaitwa Mifugo Yetu. Nimekubali kabla hajamaliza kusema, na sikubishana naye kuhusu jina. Mama Suzanne ni muuza karanga, si mhakiki. Zimebaki kurasa arobaini, na kapteni atarudi kabla watoto hawajaachishwa ziwa.