Gundi ya Daktari Mdomo

Bibi mmoja mwenye nyumba za kupangisha alicheka kwa fundi viatu, na Mdomo, aliyekuja kununua gundi tu, akaona dhahabu zikimeta kwenye magego yake. Akasahau chenji.

Kesho yake alibisha hodi kwa bibi huyo akiwa na koti jeupe, mkoba, na uso wa msiba.

"Shikamoo, bibi. Nimetumwa na afya yako."

"Marahaba. Yenyewe imeshindwa kuja?"

Mdomo akaketi, akatoa somo. Zamani meno yalizibwa kwa nta. Ikaja dhahabu ya kugongwagongwa, ikaja fedha iliyochanganywa na zebaki. Siku hizi ni unga mweupe na gundi, jino lenyewe linasahau kama liliwahi kuoza. Dhahabu imepitwa na wakati, bibi, chini yake wadudu wanafanya harusi! Angeing'oa bure, kwa moyo wake tu. Moyo huo ulishaufadhili mtaa mzima: mkobani mlikuwa na kipakiti kilichovimba kwa dhahabu za watu, pamoja na tiketi ya basi la saa kumi.

"Naogopa, mwanangu. Jizibe wewe kwanza. Hapo pembeni una tundu la kuingia panya."

Angekataaje? Daktari anayeikimbia dawa yake, nani atamwamini? Akajaza unga, akadondoshea gundi. Gundi yake ya kila siku ilikuwa ya karatasi, haishiki hata bahasha. Lakini ilikuwa imemwishia, na hii ya fundi viatu hukauka haraka palipo na unyevu. Mdomoni, jamani, hakuna kiangazi.

"Uma meno, ishike," bibi akamhimiza.

Akauma. Ikashika. Meno ya juu na ya chini yakawa ndugu.

"Mmmm!"

"Pole. Jana nilikuona ukiinunua, nikajiuliza daktari ana viatu vingapi." Bibi alivuta mkoba, akamwaga kipakiti mezani. "Ee! Hii si ya shemeji? Ndiyo maana kizibo chake kipya kilidondokea kwenye chai." Akamwita mkwe wake aje ashuhudie. "Daktari anarudisha dhahabu za watu. Na tiketi hii amenipa mimi. Daktari, kama nasema uongo, nikanushe."

Mdomo, aliyewahi kumuuzia mwenye upara kitana, alitanua midomo kwa nguvu zake zote. Meno hayakusogea.

"Hana neno," akasema mkwe.

Saa kumi basi liliondoka. Bibi alikaa dirishani, akienda kumsalimia dada yake, na njia nzima alicheka kinywa wazi.