Uzinduzi Rasmi wa Onigiri

Kwa niaba ya Ofisi ya Meya wa Kamishiro, hapa Japani, natangaza kwamba kuanzia sasa mgeni yeyote atakayeingia duka la saa ishirini na nne mjini kwetu ataongozwa namna ya kula. Zamani wageni walikuwa wanakula kiholela. Mmoja alinunua mkate wa mayai, akaula, akafurahi, bila usimamizi wowote.

Ndipo kikaundwa Kitengo cha Uratibu wa Njaa ya Wageni, nami, Kuroiwa, nikawa Kaimu Mkuu wake. Huo ukaimu ulinikera kupita kiasi. Meya aliahidi kuufuta siku ya uzinduzi, mradi mgeni wa kwanza aonekane akila kwa raha mbele ya waandishi.

Mgeni mwenyewe alikuwa Anselmo, Mreno mrefu aliyeshuka kwenye treni bila kutia kitu tumboni. Saa nne nilimsimamisha kwenye kaunta na onigiri ya samaki, yaani tonge la wali lililofungwa kwa mwani, ya mwisho kwenye rafu, nikaanza hotuba mbele ya Meya na waandishi. Nilianza na historia ya mpunga, na sikuona sababu ya kuruka karne yoyote.

"Mkuu," alininong'oneza Mama Iboshi, muuzaji, "mwonee huruma mwenzio. Tumbo lake nalisikia mpaka huku."

"Tuna utaratibu, mama."

"Na onigiri ina wake. Saa tano kamili muda wake wa kuuzwa unakwisha."

Nikamkata jicho, nikaingia sura ya pili, inayohusu mwani.

Saa tano na dakika moja nikamruhusu auze. Akaipitisha kwenye mashine ya kusoma bei, mashine ikalia.

"Imekataa. Muda umepita."

"Kwa dakika moja? Iambie ni agizo la Kaimu Mkuu."

"Iambie mwenyewe. Mimi hainisikilizi."

Kamera zote zikanigeukia. Nikaiinamia mashine, nikaiamuru kwa heshima zote. Ikalia tena. Nilitamani ardhi inimeze.

Anselmo alikuwa ameishikilia kaunta kwa mikono miwili. Mama Iboshi akafungua kabati la vyakula vya moto, akamtolea paja la kuku wa kukaanga. "Kula, mwanangu." Akala akifumba macho, mafuta kidevuni, akicheka peke yake. Waandishi wakampiga picha na Meya akapiga makofi.

Meya ni mtu wa ahadi, na ukaimu ulifutwa palepale. Mkuu kamili wa Kitengo ni Mama Iboshi, anayekiendesha bila kutoka kaunta. Mimi niko chini yake, mafunzoni. Somo la kwanza ni kumuuliza mgeni kama ana njaa. La pili ni kunyamaza, na hilo nalirudia kwa mara ya nne.