Rundo la Kisu na Rundo la Kungoja

Jumanne, 4 Machi

Basi nilikuwa nimefika wapi? Kalamu iliniishia jana pale daktari anamwambia mume wangu asimame akohoe. Ee! Akakohoa, ngiri ikachomoza kinenani kama limao. Akalala, ikarudi yenyewe. Daktari akauliza kama inauma. Haiumi. Inamzuia kazi? Haimzuii. Nikamkanyaga mguu aseme inauma. Akaniuliza mbele za watu namkanyagia nini. Aibu!

Daktari akatueleza taratibu. Ngiri isiyosumbua si lazima kuikata. Kisu nacho kina yake, wengine hubaki na maumivu miaka. Tena kifua cha mzee wangu kibovu, hiyo dawa ya usingizi inaweza kumlaza moja kwa moja. Ni bora kungoja na kuangalia. Ikiuma, ikiwa ngumu, ikigoma kurudi, akitapika, mbio hospitali. Akasema uamuzi ni wa mgonjwa. Mgonjwa akasema anangoja. Hata kuniangalia hakuniangalia!

Mimi ngiri naijua. Mjomba wangu alikaa nayo miaka tisa, haimuumi. Siku moja ikakaza, ikaubana utumbo. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Mimi ndiye niliyemshikia beseni. Siku ya tatu tulimzika.

Singoji mtu.

Alhamisi, 6 Machi

Kikao cha madaktari wa upasuaji leo. Kile chumba nakifagia mimi, mambo yake nayajua kuliko Miwani, karani wa mafaili, anayetembea kama hospitali kaijenga babake. Wanashika faili moja moja, wanabishana. Huyu anabeba mizigo na inamvuta: kisu. Huyu haimsumbui na ana sukari: angoje. Rundo la kisu linakaa dirishani, mafaili manane tu, maana vitanda ni vinane. La kungoja linakaa karibu na mlango.

Wakatoka kunywa chai. Nikabaki na ufagio wangu. Moyo du du du! Nikachomoa faili la mzee mlangoni, nikalichomeka chini ya rundo la dirishani. Yakawa tisa. Mungu wangu, Miwani huhesabu! Nikatoa la juu, nikalitia mlangoni. La fundi viatu fulani, simjui. Nikajiambia na yeye si atangoja kidogo tu.

Miwani karudi, kahesabu manane, kaandika majina bila kufungua hata faili moja. Halafu huyo ndiye msomi! Nimeimba mpaka nyumbani.

Jumatatu, 10 Machi

Mzee kaitwa. Kashangaa, nikamwambia wakubwa wamebadili mawazo. Akanywea. Kavaa lile shati lake zuri. Njiani akawa ananielekeza vyeti vya watoto viko wapi, na baiskeli apewe nani. Nikamwambia aache uchuro. Nikacheka. Nilicheka peke yangu.

Mlangoni kwa upasuaji daktari wa usingizi kamsikiliza kifua. Kasikiliza tena. Akauliza nani kamleta mtu huyu hapa. Daktari wetu akaitwa, akafungua faili, akakuta mwandiko wake mwenyewe: angoje. Mzee akarudishwa nyumbani. Miwani akaulizwa, akalia mbele ya watu.

Nikainamia ndoo yangu. Nilikuwa napiga deki.

Jumanne, 11 Machi

Fundi viatu kaletwa asubuhi, kabebwa. Ngiri ngumu kama jiwe, anatapika. Kumbe kwenye faili lake waliandika inamuuma, asicheleweshwe. Jana ndiyo ilikuwa siku yake. Wamemkata utumbo, kipande cha urefu wa kiganja. Yuko hai.

Nimepiga deki chini ya kitanda chake mara tatu. Mkewe kanishukuru, eti dada yangu una moyo, wenzako wanapita tu. Nikaenda stoo, nikafunga mlango, nikakaa juu ya ndoo. Sikuweza hata kulia.

Ijumaa, 14 Machi

Miwani kapewa barua ya onyo. Kanipita koridoni, hakunisalimia. Kwanza nilitaka kufurahi, furaha haikuja.

Nimeamua kusema. Nianze na mke wa fundi, halafu Sista mkuu wa wodi. Maneno nimeyapanga tangu kitandani. Nimefika, fundi anakunywa uji wake wa kwanza. Nikakaa, nikamwambia mkewe shoga, nina neno. Akasema na yeye ana neno, tena zito, nimwache aanze.

Shemeji yake, mdogo wake fundi, ana ngiri vilevile. Haimuumi. Daktari kamwambia angoje. Tangu Jumanne halali, anaishika kila dakika kuona kama imekaza. Akaniuliza dada, wewe si uko humu humu ndani, hujui mtu? Machozi yakamshuka.

Sasa mtu anakulilia hivyo, utaanzaje kumwambia habari za mafaili? Nimemshika mkono. Nimemwambia aniachie mimi, kikao ni Alhamisi. Safari hii sichomoi ovyo kama kichaa. Nitafungua kwanza, nisome nani anaweza kungoja. Kusoma kidogo najua, na hivi vitu nimevizoea, si vigumu kama wanavyovifanya.

Jina la shemeji kaniandikia kwenye karatasi, kwa herufi kubwa, linaanza na... Aa! Sista ananiita, ndoo niliiacha katikati ya mlango wa wodi, mtu kaanguka. Naja, Sista, naja!