Aliyeachwa Mlangoni na Majivu Yake

Jumatatu, 3 Machi 2025

Gesi iko karibu! Naiona hivi.

Saa nne asubuhi redio ya hapa Nakuru imetangaza mashindano. Wanacheza wimbo mpya wa kijana anaitwa Elphas, halafu sisi wasikilizaji tunatuma meseji: nani anaongea kwenye wimbo, na analilia nini? Laini moja, jibu moja. Mwisho ni Ijumaa saa kumi na mbili jioni. Mshindi atapigiwa Jumamosi. Zawadi ni mtungi wa gesi wa kilo sita, mpya, na chuma chake cha kuwekea sufuria!

Lazima niipate. Natasha ana miezi minane na anakohoa kama mzee wa sigara. Ni moshi. Nikiwasha jiko nje ya mlango, upepo wa hapa mtaani Bahati unaubeba moshi wote na kuuleta ndani, moja kwa moja mpaka kitandani. Daktari wa kliniki aliniambia nimweke mtoto mbali na moshi. Nikamuuliza nimweke wapi, na chumba ni kimoja. Akaandika kitu kwa kadi, akaita mwingine.

Niliachia shule Form Two lakini insha nilikuwa napata alama nzuri. Wimbo utanishinda? Maneno nimeyanakili hapa, mkono mmoja ukiandika, mwingine ukipepea jiko:

Uliniona sokoni, ukanichagua kati ya wengi.
Nilipopoa ulinipepea, ukasema mimi ni wako.
Jirani walipokuja kuniomba, uliwagawia, sikusema neno.
Leo umeleta mrembo wa bluu, ukimgusa kidole anaitika,
nami umeniacha mlangoni na majivu yangu.

Nimelia. Uji umeungua.

Jumanne, 4 Machi

Nimeamka na jibu. Anayeongea ni mimi!

Hebu angalia. Khaemba, baba Natasha, aliniona wapi? Sokoni, hapa Bahati, nikichagua nyanya. Nilipozirai kanisani na mimba ya miezi saba, nani alinipepea na kitabu cha nyimbo mpaka nikaamka? Khaemba. Sasa yuko huko Naivasha kwa shamba la maua, anakuja nyumbani mwisho wa mwezi. Na huko ndiko aliko huyo mrembo wa bluu.

Nikampigia. Nikamuuliza kama kuna mwanamke wa bluu huko. Akasema wako mia mbili. Mia mbili! Akasema wote wa kufunga maua wanavaa koti la bluu, ni la kampuni. Nikamuuliza ni yupi anaitika akiguswa kidole. Akaniuliza kama nimekula. Halafu akasema msimamizi anakuja, akakata.

Nililia mpaka saa sita. Halafu nikarudia ule mstari wa jirani. Hapo nikashtuka. Khaemba anigawie jirani? Huyu mwanaume hata ufagio wetu hataki utoke nje! Basi si mimi. Namshukuru Mungu. Lakini tena, jibu sina.

Saa saba akaja jirani yangu Wachuka. Wachuka ni mwandishi wa kwaya ya Wakatoliki, anaolewa na Mwaura mwezi wa nane, na hakuna kitu hajui. Alikuja kuomba kaa moja la moto awashe jiko lake, vile sisi wapangaji wote hufanya hapa kwa ploti. Nikampa. Akaniambia ati ameshaandika jibu la mashindano, kurasa tatu, anangoja tu mwalimu wa kwaya apitishe jicho Ijumaa ndio alitume. Akaniambia nisijisumbue, Mama Natasha, wimbo ni mambo ya watu waliosoma. Akabeba kaa langu kwa kijiko, akaenda akiimba wimbo wa Elphas. Tena kwa sauti ya juu!

Lazima nimshinde. Hata kama si kwa gesi.

Hapana, kwa gesi pia.

Jumatano, 5 Machi

Mungu anapenda watoto wadogo. Ameniletea jibu mpaka mlangoni.

Siku nzima nilikuwa nimekwama kwa neno moja. Majivu. Ni mtu gani anakaa na majivu? Nilifikiria mpaka jiko likazima, nikachota majivu nikamwaga, nikakaa chini nikafikiria tena.

Saa kumi na moja Wachuka akarudi kutoka kanisani. Na usoni, hapa katikati ya paji, majivu!

Leo ni Jumatano ya Majivu. Sisi wa kanisa la Friends hatupakwi majivu, nilikuwa nimesahau kabisa. Kumbe huyo analia kwenye wimbo ni Mkatoliki! Ameachwa, yuko mlangoni, na majivu yake usoni. Wachuka alisimama wapi kutoa viatu? Mlangoni!

Nilimwuliza tu hivi kwa utaratibu kama amewahi kuachwa na mtu. Akasema leo anafunga, nisimsemeshe mambo ya dunia.

Hakukataa. Nimeandika hapa: hakukataa.

Alhamisi, 6 Machi

Nimemwona Elphas kwa macho yangu.

Mwanamke wa duka aliniambia kijana mwenyewe ni fundi mjini, kwa vibanda vya mabati. Nikamfunga Natasha mgongoni, nikaenda. Kelele ya huko, haki! Kila fundi anagonga. Majiko yamepangwa kutoka chini mpaka paa, makubwa, madogo, mengine hayajatiwa udongo ndani. Sijui msanii anatoa wapi mawazo mahali kama hapo.

Elphas ni mwembamba, ana adabu. Alikuwa anakunja bati la jiko. Akaniambia niaje mathe, keti. Nikaketi kwa jiko moja lililopinduliwa, nikamwambia nimetoka Bahati kwa sababu ya yule mwanamke wa wimbo. Akauliza mwanamke gani. Nikamkonyeza. Nikamwambia asijifiche, mimi ni mama, naelewa.

Akasema hawezi kunipa jibu, mashindano ni mashindano. Nikamfungulia Natasha, akakohoa, kweli si kwa kupanga. Akamwangalia mtoto. Nadhani akaingiwa na huruma. Akasema atanisaidia kidogo tu: anayeongea kwenye wimbo namjua vizuri. Ako kwa ploti yetu. Asubuhi hii nimekuwa naye, na hata jana jirani alimtembelea akiwa pale mlangoni.

Nikasimama nikamshika mkono. Nikamwambia pole sana kwa yaliyotokea kati yenu. Akashusha nyundo, akacheka mpaka akajifuta macho na kofia. Wanaume huficha uchungu hivyo.

Asubuhi hii niliongea na mtu mmoja tu kwa ploti. WACHUKA!

Maskini Mwaura.

Ijumaa, 7 Machi

Nimetuma! Saa tano kamili, kwa laini yangu: "Anayeongea ni jirani yangu Wachuka wa Bahati, Mkatoliki wa kwaya. Analia kwa sababu Elphas alimwacha akachukua wa bluu. Ni mimi Mama Natasha."

Halafu roho ikaanza kunisumbua. Wachuka bado ana kurasa tatu. Na yeye mwenyewe ndiye mwenye wimbo! Akiamua kusema ukweli wake kwa redio, nani atamshinda?

Nikafikiria. Laini moja, jibu moja. Si laini yake ikishatuma jibu la upuzi, hizo kurasa tatu zitakuwa za kufungia mandazi?

Saa kumi nikaenda kwake nikiwa na uso wa huzuni. Nikamwambia kredo ya simu imeniishia na nataka kumjulisha baba Natasha kuhusu kikohozi. Wachuka akanipa simu mara moja, akaenda kufua. Ana roho nzuri, siwezi kukataa. Nikaketi mlangoni kwangu nitafute jibu la kijinga. La kijinga kabisa, la kuchekesha mtangazaji. Nikawaza mbuzi. Nikawaza ndoo. Nikaangalia mbele yangu, nikaona jiko linafuka. Nikacheka peke yangu. Nikaandika: "Ni jiko." Nikatuma.

Jiko! Jiko liimbe!

Nikamrudishia simu na kumwambia Mungu akubariki. Ilipofika saa kumi na mbili kasoro, nikamsikia kwake akipiga kelele kwamba mtandao unamrudishia ujumbe ati laini yake imeshajibu. Nikamwambia kupitia ukutani kwamba mitandao ya siku hizi haifai.

Natasha amekohoa jioni yote. Nimemwimbia. Nimemwambia vumilia mama, ni kesho tu.

Jumamosi, 8 Machi

Sijui nianzie wapi.

Redio tuliiweka kwa stuli katikati ya ploti. Wamama wote walikuja na kazi zao. Wachuka alikuwa na beseni la maharagwe akichambua. Mwaura wake pia alikuwa hapo, amekuja kukaza kamba ya nguo.

Mtangazaji akasema ataanza na majibu ya kuchekesha. Mtu wa Longonot amesema anayeongea ni ng'ombe wa maziwa. Tukacheka. Mtu wa Ndabibi amesema ni punda wa kubeba maji. Mimi nikacheka kuliko wote. Halafu akasema huyu wa Bahati amewashinda wote, akasoma yangu. Yote! Jina la Wachuka, Mkatoliki, kwaya, ameachwa. Mpaka "Ni mimi Mama Natasha". Elphas alikuwa hapo studio, akasema huyo Wachuka hajawahi kumwona, lakini anamsalimia.

Beseni likaanguka. Maharagwe kila mahali. Mwaura akaacha kamba. Wachuka akanijia na mwiko akiniuliza nani ameachwa, Mama Natasha, hebu sema tena, nani ameachwa! Nikamweka Natasha mbele yangu. Namwomba mtoto msamaha.

Hapo simu ya Wachuka ikalia. Na kwa redio tukasikia pia inalia! Akapokea, akataja jina lake, na mtangazaji akasema: hongera Wachuka, kati ya meseji zote ni yako peke yake imepata, tena kwa maneno mawili tu. Ni jiko!

Sikusikia vizuri kilichofuata. Masikio yangu yalikuwa yanalia kivyake. Elphas anaeleza: jiko lilinunuliwa sokoni, likapepewa, jirani wakaja kuomba moto, halafu mwenye nyumba akanunua gesi ya bluu, akaliacha mlangoni na majivu. Ploti nzima ikasema aaah. Mtoto wa miaka sita akasema yeye alijua tangu Jumatatu.

Wachuka alikuwa amesimama na simu na mwiko. Akasema yeye hakutuma jiko. Yeye aliandika kurasa tatu kuhusu Kanisa na waumini waliorudi nyuma. Akafungua meseji zake. Ijumaa, saa kumi na robo. Akaniangalia. Wote wakaniangalia.

Ningesema gesi ni yangu, nimeituma mimi! Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Lakini Mwaura akaniuliza polepole: kama nilijua jibu, kwa nini la kweli nilituma kwa simu ya Wachuka, na la matusi kwa simu yangu?

Nilitafuta kila mahali kichwani. Nikapata kitu kimoja tu. Nikasema: zawadi ya harusi.

Wachuka akalia. Akatupa mwiko akanikumbatia pamoja na Natasha, akaniambia Mama Natasha, umekubali kuchekwa na watu wote ndio watu wasijue umenisaidia. Wamama wakapiga vigelegele. Mwaura hakupiga chochote. Alikuwa ananiangalia tu, vile mtu huangalia kiazi kilichooza upande mmoja.

Jioni Khaemba akanipigia. Walisikia redio huko Naivasha, wafungaji maua wote wa bluu. Akaniuliza, Trizah, ulikuwa unaandika ukiwa wapi? Nikamwambia mbele ya jiko. Akauliza na kupepea ulikuwa unapepea nini? Nikamwambia msimamizi anakuja, nikakata.

Jumatatu, 10 Machi

Gesi ililetwa jana. Ni nzuri! Ya bluu kama mbingu. Unaigusa kidole inaitika, kweli Elphas hakudanganya.

Wachuka amesema uji wa Natasha upikwe kwake kila asubuhi na jioni. Amesema ukuta ni mwembamba, kikohozi cha huyu mtoto kinamwamsha, na yeye pia anampenda. Leo uji umeiva bila moshi hata kidogo. Natasha amekunywa kikombe kizima, amelala, na nimekaa karibu naye nikisikiliza kifua. Kimya. Kimya kitamu.

Halafu Wachuka akaniletea zawadi ya shukrani, ameifunga kwa leso. Jiko lake la zamani. Sasa nina mawili. Nimeyapanga mlangoni, nimeyafuta majivu. Nimeyaomba msamaha, lakini polepole, Mwaura asisikie.

Nimejifunza. Kuanzia leo wimbo nausikiliza kwa makini, na watu siwasingizii.

Saa nne redio imeleta mashindano mapya! Blanketi mbili nzito. Elphas tena. Nimenakili maneno nikiwa kwa kamba, vibanio vikiwa mdomoni:

Asubuhi unanilowesha, unanisugua, unanikamua.
Unanining'iniza juani, ploti nzima inaniona.
Jioni unanikunja bila pole,
na kabla ya kulala, mtoto wako amenichafua tena.

Huyu si jiko. Hapo hawanipati mara ya pili! Huyu ni mwanaume. Anapigwa na mke wake, tena mbele ya watu, na mtoto hamheshimu. Na ako hapa hapa kwa ploti, kwa sababu ploti imetajwa. Nimewaza mmoja baada ya mwingine, na nimefika kwa keateka anayetunza ploti, Njuguna. Juzi alikuwa anachechemea.

Zimebaki nepi nne. Nikishazikamua na kuzianika naenda kumwuliza mke wake.